Nilikunywa Ili Nimwone Likunde

Mimi ni Mama Feza, mjane, mkaaji wa mtaa wa Mangobo. Wengi wenu mmekula mikate yangu ya kukaanga asubuhi, basi mnaijua mikono yangu kuliko maneno yangu. Kusimama mbele ya watu siwezi, sauti hunikatika. Ndiyo maana wakubwa wa jumuiya yetu waliponiomba niseme yaliyonipata, niliomba niandike. Nilisoma shule ya msingi tu. Mtakaowasomea wenzenu wasioona vizuri, wasomeeni polepole.

Ninayotaka kusema ni haya: pombe iliniumiza nikiwa mzee, mimi ambaye katika ujana wangu sikuionja. Nilikaribia kufa. Nimepona. Lakini sikupona peke yangu, na kuna mmoja ambaye hakupona, na siwezi kusema habari yangu bila yake.

Kabla ya hayo yote nilikuwa mtu wa kulala. Mume wangu, Likunde, alikuwa fundi wa baiskeli. Wakati toleka zilipokuwa nyingi mjini, yaani zile baiskeli za kubeba abiria, kabla pikipiki hazijazifukuza, mbele ya nyumba yetu magurudumu yalining'inia ukutani kama sahani. Yeye alifanya kazi mlangoni, mimi nilikanda unga nyuma yake. Mpira ukitoboka, aliujaza hewa, kisha aliita bila kugeuza kichwa: "Mama Feza, leta mayi." Nilimpelekea beseni. Aliutumbukiza mpira ndani yake, akauzungusha taratibu, akatafuta mahali panapotoa mapovu, akapaziba kwa kidole. Katika ndoa yetu yote, nadhani hilo ndilo neno nililolisikia kwake kuliko yote. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mtu wa kuita maji.

Usiku, kichwa kikigusa mto, mimi nimekwenda. Likunde aliwachekesha wateja kwa hilo. "Bibi yangu huyu," alisema, "wezi wanaweza kubeba kitanda na yeye ndani. Ataamuka mbali kule Yahuma, ataanza kuuliza soko iko wapi." Niliamka kabla ya jua bila kuitwa na mtu, nikawasha moto, nikakaanga. Sikujua kwamba usingizi ni mali. Nilidhani ni kitu kinachokuja tu, kama jasho.

Kaka yake mkubwa, Bolila, alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia na mzaha mwingi. Alivuka kila mara kuja kukaa kwenye benchi ya wateja na kumtania mdogo wake. Mimi aliniita bokilo, ndivyo tunavyoitana mashemeji hapa, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Alikunywa, kila mtu alijua. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa daima na chupa ya lotoko, ile pombe kali inayopikwa kwa mahindi na muhogo. Ndani ya chupa aliloweka mizizi na vipande vya gome la mti, mpaka lotoko ikawa na rangi ya chai. Aliiita dawa ya mugongo. Sote tuliiita hivyo.

Kisha Likunde alianza kuvimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Akawa hawezi kulala chali. Alilala ameketi, mito nyuma yake, akihema kama mtu aliyepanda mlima. Hospitalini walituambia moyo wake umechoka, wakamlaza. Alipopata nafuu kidogo, habari ilikuja kutoka Banalia kwamba mama yangu mdogo, aliyenilea, amefariki. Sikutaka kwenda.

"Enda," Likunde aliniambia. "Ule mama alikulea. Miye niko bien. Bolila atabakia na miye."

Bolila alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Enda, bokilo. Huyu mutoto nilimubeba mugongoni wakati weye hata haukumujua. Nitamulinda."

"Utamulinda ao utakunywa?" Likunde alimuuliza.

"Vyote viwili," Bolila alijibu, na sote tukacheka, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Nilikwenda. Mvua iliharibu barabara, nikachelewa kurudi. Pikipiki ilipoingia mtaa wetu, niliona matawi ya michikichi yamesimikwa mbele ya lango letu na turubai limefungwa uani. Kwetu matawi hayo yana maana moja tu, msiba. Nilimwambia dereva asimame. Nilishuka. Niliketi kwenye tope na mzigo wangu mapajani, mpaka Feza, binti yangu, alipokuja kuniinua.

Walikuwa wamenisubiri kwa maziko. Nilimwona Likunde ndani ya jeneza. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nililowesha kitambaa nikampangusa, lakini midomo ya mtu aliyekufa hainywi.

Tulipokuwa katika matanga, alikuja mama mmoja nisiyemjua. Alikuwa akimuuguza mtoto wake katika kitanda cha karibu na Likunde. Alikuja kwa moyo mwema, alileta sukari. Aliniinamia akasema, "Pole, mama. Papa alikuwa anaomba mayi. Aliita mara mingi, kisha akanyamaza. Ule mwenye kumulinda alikuwa amelala. Miye niliogopa kumupa, sikujua kama docteur anakubali." Alilia, nami nikamshika mkono. Hakuwa na kosa lolote. Lakini alipoondoka aliniachia neno lile, na mimi tangu siku ile sikulala.

Sijui kama mnajua kukosa usingizi kwa namna hiyo. Unafunga macho na kila mara unasikia mtu anaita maji. Unakaa. Unasikiliza. Ni kimya. Unalala tena, anaita tena. Kichwa kilinitoka moto, macho yaliwaka kama yametiwa pilipili, na mchana niliona vitu vikielea pembeni.

Sasa mjue desturi ya watu wa mume wangu. Mjane hulala chini kwenye mkeka, na kila asubuhi mkubwa wa familia humuuliza kama marehemu amemjia katika ndoto. Akija, wanajua amefika salama. Wanajua pia kama ameondoka na neno juu ya mtu. Mkubwa wa familia alikuwa Bolila. Kila asubuhi alikuja mlangoni, akavua kofia, akauliza, "Bokilo, amekuja?"

"Hajakuja."

"Hata kidogo? Hata sauti?"

"Silali, bokilo. Nitamuonaje?"

Nilitaka aje kuliko nilivyotaka kula. Nilitaka kumwona uso tu, nijue kama bado ana kiu, nijue kama ananilaumu kwa kwenda Banalia. Sikuwa na ombi lingine, si kwa Mungu, si kwa mtu.

Asubuhi moja Bolila alitoa ile chupa kwenye koti. "Alors, tukusaidie. Mutu asiyelala, ndoto itaingilia wapi? Kunywa kidogo jua likiingia."

"Mimi sinywi pombe, bokilo. Unajua."

"Nani amesema pombe? Hii ni dawa. Angalia mizizi. Pombe iko na mizizi?"

Niliitazama. Ilikuwa na mizizi kweli. Jioni ile nilikunywa kiasi cha kifuniko, nikiwa nimeziba pua. Ilinichoma mpaka tumboni, kisha joto likapanda, mabega yakalegea, na nikaanguka usingizini kama jiwe ndani ya kisima. Asubuhi nililia kwa furaha kwa sababu nilikuwa nimelala. Bolila alikuja akauliza. Nilimwambia hapana, hajakuja, lakini nimelala. "Bon," alisema, "njia imefunguka. Sasa atakuja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Matanga yaliisha, turubai likafunguliwa, watu wakarudi kwao. Bolila hakurudi Lubunga. Alibaki katika chumba cha nyuma, na kila asubuhi aliuliza swali lake, na kila jioni alinimiminia.

Baada ya muda kifuniko hakikutosha. Nililala upesi, lakini niliamka usiku ungali mrefu, moyo unagonga kama mtu anayetwanga, shuka limelowa jasho, mdomo umekauka, kibofu kimejaa. Usingizi wa pili ulikataa kabisa. Basi nilikunywa tena ili nirudi. Ikawa glasi ndogo jioni na nyingine katikati ya usiku. Kisha mikono ikaanza kutetemeka asubuhi, nikashindwa kushika kijiko cha kugeuzia mikate mpaka nionje kidogo. Niliungua mafuta mkononi, kovu ninalo. Niliunguza mikate, wateja wakaenda kwingine. Tumbo liliharisha. Nilisahau majina ya watu niliokuwa nao jumuiyani miaka mingi. Nilianguka uani mara nyingi nikasema ni utelezi. Na nitasema na hili, ingawa linanitia haya: niliamka nikiwa nimelowesha mkeka, mimi mama mzima.

Na yeye hakuja. Hiyo ndiyo ajabu niliyoshindwa kuielewa. Nililala, lakini ndani ya usingizi ule hapakuwa na kitu. Si Likunde, si mtu mwingine, si hata nyumba au njia. Ilikuwa giza, kisha kuamka. Nilianza kuamini kwamba amenikataa.

Feza alikuja siku moja na watoto wake, akaniinamia anisalimu, akarudi nyuma. "Mama, unanuka."

"Ni dawa ya mugongo."

"Ah, ile ya papa mukubwa," alisema, na akatulia. Hakuuliza zaidi. Wala simlaumu. Mimi niliyekuwa nikiinywa sikujiuliza, angejiuliza yeye? Alichokiona ni kwamba mama yake amekonda na halali vizuri. Akaninunulia kwenye duka la dawa la mtaani vidonge vya usingizi, bila karatasi ya daktari, kama tunavyonunua vyote. Alifanya kwa upendo. Jioni ile nilimeza kidonge, na juu yake nikanywa dawa ya mugongo kama kawaida.

Yaliyofuata niliambiwa. Jua lilikuwa juu na mimi sijaamka. Bolila alikuja mlangoni, akauliza swali lake, akakosa jibu. Aliingia, akanitikisa. Nilikuwa nakoroma kwa namna mbaya, pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha pumzi nyingine. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alipiga kelele mpaka mtaa ukaja. Walinipakia kwenye pikipiki, mimi katikati kama gunia, Feza nyuma akinishika, na Bolila, mzee yule, akakimbia kwa miguu nyuma yetu mpaka kituo cha afya.

Daktari alikuwa mwanamke, mtulivu. Feza alinisimulia mazungumzo yao.

"Amekunywa nini?" daktari aliuliza.

"Kidonge cha kulala, docteur. Kimoja tu."

"Na pombe?"

"Mama yangu? Hapana! Hajawahi. Ni mama wa kanisa."

Daktari alininusa. "Uko sure?"

"Naapa, docteur."

Hapo Bolila alifika, anahema, kofia imepotea njiani. Alisikiliza, akatazama chini. "Docteur, anakunywa dawa yangu."

"Dawa gani, papa?"

Aliitoa kwenye koti. Daktari aliifungua, akainusa, akafunga macho. "Papa, hii ni lotoko."

"Iko na mizizi, docteur."

"Mizizi haiondoe lotoko. Tena tumboni mwake imekutana na ile kidonge. Vyote viwili vinalaza pumzi. Kidogo tu, pumzi ingelala kabisa."

Waliniwekea hewa ya mashine na maji ya mshipani, wakanilinda. Nilipofumbua macho, Feza alikuwa anaipangusa midomo yangu kwa kitambaa kilicholowa. Nilifikiri mimi ndiye Likunde.

Msidhani kazi iliishia hapo. Siku zilizofuata, mwili ulipoanza kuikosa ile pombe, nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilitokwa jasho, nikatapika maji ya njano. Niliona siafu wakitembea kwenye shuka, nikawa nawakamata mmoja mmoja na kumpa Feza awatupe nje. Naye, mtoto wangu, aliwapokea mkono mtupu akaenda kuwatupa. Daktari alinipa dawa na kuipunguza taratibu, akija kunipima mara kwa mara. Aliniambia baadaye kwamba mtu akizoea pombe kila siku kisha akaikata ghafla bila msaada, anaweza kupata degedege akafa.

Akili iliporudi, aliketi kando yangu. Aliniambia mwili wa mzee si ule wa kijana. Glasi ile ile inamzidi nguvu, inakaa ndani zaidi, inamwangusha. Aliniambia pombe inamsukuma mtu usingizini, lakini ikianza kuisha mwilini, yenyewe ndiyo inayomwamsha, na kwa hiyo anakunywa ili kutibu kilichotokana na kunywa. Nilisikiliza yote. Kisha nilimuuliza lile moja nililokuwa nalo.

"Docteur, kwa nini mume wangu hanijii?"

Hakucheka. Alifikiri kwanza. "Mama, mambo ya wafu mimi sijui. Ila najua hili: pombe inaharibu ule usingizi wenye ndoto. Inakulaza kama mti uliokatwa. Mti haiote ndoto."

Niligeukia ukuta. Mlango niliodhani ninamfungulia kila jioni, kumbe kila jioni nilikuwa naufunga.

Bolila alikuwa amesikia, alikuwa kwenye benchi ya nje chini ya dirisha. Daktari alipotoka, yeye aliingia. Hakuwa na mzaha. Aliketi sakafuni, si kwenye kiti, kama anavyoketi mtu wa matanga.

"Bokilo, siku ile hospitalini nilikunywa. Kidogo, juu niweze kukesha. Nilisema itanipa nguvu. Nikalala. Nilipoamka alikuwa amekuwa baridi." Alipapasa kichwa chake kisicho na kofia. "Ndiyo maana nakuuliza kila asubuhi. Akikujia, nilitaka kujua amesema nini juu yangu."

Nilijua tangu yule mama alipokuja na sukari. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumsikia mzee akilisema ameketi sakafuni ni kingine. Nilitaka kumjibu. Lakini moyo haukuwa tayari. Nilimtazama tu.

Alisimama. "Na miye naacha," alisema. "Leo. Kama pombe ndiyo inamuzuia, basi aje kwangu mwenyewe, nimuombe pardon uso kwa uso."

Daktari alimwona akitoka. Alimwambia arudi kesho apimwe, asiache peke yake, kwa sababu yeye alikuwa amekunywa miaka mingi kuliko mimi. "Ndiyo, docteur," alijibu. Aliimwaga chupa kwenye mfereji mbele ya kituo, watu wakamwona. Akavuka mto kwenda kwake Lubunga. Kesho yake hakurudi.

Alianza kutetemeka. Alizungumza na mdogo wake kwa sauti, alimwita, alifungua mlango amkaribishe. Watu wa nyumbani wakasema marehemu amekuja kumdai, na labda kuna uchawi. Hawakumpeleka kwa daktari. Walimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfunga asijiumize, wakamwombea. Degedege lilimshika huko, likamwachia, likamshika tena. Alikufa kabla hawajatafuta pirogi ya kumvusha mto.

Sisemi haya kuwahukumu. Waliomba kwa imani, nami ninaomba kila siku. Lakini nilikuwa nimelala katika kitanda safi, ninapewa dawa ya kutetemeka kule kule, na yeye alitetemeka amefungwa kamba. Sikuweza hata kwenda kwenye matanga yake. Na neno alilolingoja kwangu sikumpa. Nilikuwa nimelipata. Nilikuwa nimeazimia nikitoka nimwambie: bokilo, ulimbeba mgongoni, ulichoka, ulilala, imekwisha. Nililitunza mpaka likakosa mwenyewe.

Nilirudi nyumbani. Wengi hudhani ukiacha pombe unaanza kulala. Si kweli. Miezi ilipita nikiwa na usingizi wa vipande vipande. Daktari alinifundisha nisikae kitandani nikipigana nao, niinuke niketi, nisali, nirudi macho yakizidiwa. Nisilale mchana kutwa. Niamke saa ile ile hata kama nimelala vibaya, nitoke juani. Nikaanza mikate tena, kidogo. Kahawa niliiacha kwa asubuhi tu. Aliniambia pia kwamba usingizi wa uzee ni mfupi na mwepesi, si ugonjwa, nisidai ule wa usichana wangu. Hilo lilinituliza kuliko vidonge vyote.

Ndoto zilirudi, lakini zilirudi na hasira. Niliota moto, mto unaojaa, siafu. Niliamka napiga kelele, na Feza, aliyekuwa amehamia kwangu, alinishika mpaka nitulie. Likunde hakuwamo. Kuna siku nilitamani lile giza la lotoko lirudi. Nilimwambia Feza, naye akanijibu, "Mama, tumezika wawili. Miye siko na nguvu ya kuzika wa tatu." Nikakaa bila kuigusa pombe.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru binti yangu, ninamshukuru daktari yule ambaye hakuninyanyasa. Na kwenu wazee wenzangu, mama na papa, ninaomba. Daktari akiuliza unakunywa nini, usimjibu kwa jina ulilolipa wewe. Mwonyeshe chupa. Mizizi, gome, tangawizi, ukitia ndani ya lotoko, ni lotoko. Usimeze kidonge cha usingizi juu yake. Na kama umezoea, usiache peke yako kwa ushujaa, nenda usaidiwe. Ninyi vijana, mkimwona mzee aliyeacha kunywa anatetemeka na kuona visivyoonekana, mwombeeni njiani mkiwa mnampeleka hospitali. Na mjane akiwa hawezi kulala katika matanga, msimpe cha kumwangusha. Kaeni naye. Mwacheni aseme anasikia nini.

Nimebakiza kitu kimoja.

Msimu wa mvua uliopita nililala mapema, mvua ikinyesha kwenye mabati. Nikawa kwenye uwanja wetu. Magurudumu yalikuwa ukutani, kama zamani. Bolila alikuwa kwenye benchi ya wateja, kofia yake kichwani, macho wazi kabisa. Hakuwa na usingizi hata kidogo. Alikuwa akimtazama mdogo wake akifanya kazi. Na Likunde alikuwa amechuchumaa, mgongo kwangu, mpira mkononi. Hakugeuka. Hakusema lolote la kuagana, hakusema lolote la kulaumu. Alisema, "Mama Feza, leta mayi."

Nilimpelekea. Beseni lilikuwa limejaa, nililishika kwa mikono miwili, mikono haikutetemeka. Nililiweka kati ya miguu yake.

Niliamka kumepambazuka. Niliketi kitandani nikingoja, kwa mazoea, mtu avue kofia mlangoni na kuniuliza. Nje kulikuwa na kuku tu na mama wa jirani akifagia. Nilikwenda jikoni, nikatia unga kwenye beseni, nikamimina maji, nikaanza kukanda. Kisha nilisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu:

"Amekuja, bokilo. Mulikuwa wawili."